Tabibu na Hiari ya Mgonjwa

Msomaji, kazi za dunia ni nyingi na kila kazi ina deni lake. Mkulima ana deni kwa ardhi, mwalimu ana deni kwa mwanafunzi, na hakimu ana deni kwa haki. Deni la tabibu ni kwa mtu aliye mbele yake katika saa ya unyonge wake. Katika maradhi mengi deni hili hulipwa kwa ujuzi: mfupa uliovunjika huungwa, homa hushushwa kwa dawa, na mgonjwa hurudi kwake akishukuru. Lakini yapo maumivu ambayo ujuzi wa dawa peke yake hautoshi kuyatibu, na mojawapo ni maumivu ya mtu aliyebakwa. Nataka tulitazame pamoja jambo hili, ingawa ni zito na ndimi za watu wazima huliogopa. Jambo lisilosemwa halikosi kutendeka. Hukosa tu kutibiwa.

Wala si jambo la nadra. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba karibu mwanamke mmoja katika kila watatu duniani amewahi kupata kipigo cha mwenzi wake au kutendewa ukatili wa kingono katika maisha yake. Wavulana na wanaume nao hudhulumiwa, na aghalabu hao hunyamaza zaidi, kwa kuwa jamii imewafundisha kwamba machozi si vazi la kiume. Basi katika kila foleni ya wagonjwa uionayo penye mlango wa hospitali, yamkini yupo aliyebeba mzigo huu na hana pa kuutua. Swali letu ni hili: daktari akiletewa mtu kama huyo afanye nini, na kwa sababu gani?

Tutwae mfano. Mwanamke kijana anafika katika hospitali ya umma alfajiri, akisindikizwa na shangazi yake. Ameviringisha leso mpaka kichwani. Mbele ya dirisha, karani anamwuliza kwa sauti ya kila siku, “Wewe, una nini?” Nyuma yake benchi zima linasikiliza. Karani hana nia mbaya. Ndivyo anavyomwuliza mwenye malaria na mwenye jino bovu. Lakini kijana huyu anatazama chini, anasema kichwa kinamwuma, na baada ya muda kidogo shangazi anaona mahali pake pamekuwa patupu. Ameondoka. Hapakuwa na aliyemfukuza, ila swali moja lililoulizwa mahali pasipostahili limetenda kazi ya mlango uliofungwa.

Ili tufahamu kwa nini jambo dogo kama hilo lina uzito mkubwa, lazima tujue ni kitu gani kilichojeruhiwa. Mtu akianguka mtini akavunjika mguu, mguu ndio ulioumia. Ni ajali, hapana mtu aliyekusudia. Aliyebakwa ameumizwa na nia ya mtu mwenzake. Kila mwanadamu ana mpaka wa mwili wake, na ndani ya mpaka huo yeye ndiye mwenye kusema ndiyo au la. Mbakaji huuvunja mpaka huo na kulifanya neno la mwenziwe kuwa si kitu. Majeraha ya mwili yaweza kuwa mengi au yasionekane kabisa, lakini kitu kimoja hunyang'anywa kila mara, nacho ni hiari. Hapa ndipo penye msingi wa insha hii: ikiwa hiari ndiyo iliyonyang'anywa, basi tiba haina budi kuanza kwa kuirudisha hiari.

Tabibu asiyelijua hili aweza kudhuru huku akitibu. Akisema, “Vua. Lala hapa. Nyamaza nimalize,” maneno yake ni ya kazi tu katika masikio yake mwenyewe. Katika masikio ya mgonjwa yanafanana na amri za yule aliyemdhulumu. Tabibu mwenye hekima hutenda kazi ile ile kwa njia nyingine. Hufunga mlango. Hutaja jina lake na kazi yake. Huuliza kama mgonjwa angependa shangazi abaki ndani au angoje nje, na kama angependa kuhudumiwa na mwanamke au mwanamume. Hueleza atakalofanya kabla ya kulifanya, kisha hungoja jibu. Humwambia, “Ukitaka nisimame, sema, nami nitasimama,” na akiambiwa asimame, husimama kweli. Kwa kusimama huko humpa mgonjwa kitu ambacho hakimo katika chupa yoyote ya dawa: ushahidi kwamba neno lake lina nguvu tena.

Shirika la Afya Duniani, katika mafunzo yake kwa wahudumu wa afya, limelifupisha tendo hili la kwanza katika mambo matano. Msikilize, mwulize anahitaji nini, mwonyeshe kwamba unamwamini, uangalie usalama wake, na umuunganishe na watu wa kumsaidia. Tazama, msomaji, jinsi kusikiliza kulivyotangulia. Tabibu huyu haulizi, “Kwa nini ulipita njia ile?” wala, “Kwa nini hukupiga kelele?” Maswali ya namna hii huvaa joho la udadisi, na ndani yake mna hukumu. Tena ni maswali ya ujinga. Wataalamu wa mwili wanafahamu kwamba katika hofu kuu kiumbe huweza kukakamaa, miguu isikimbie na sauti isitoke, pasipo mtu kuchagua. Kimya cha mtu aliyeshikwa na hofu hakikuwa ridhaa.

Wengine watasema: “Je, daktari aamini kila asimuliwalo? Na kama ni uongo?” Hili ni swali la haki, na jibu lake ni kutenga kazi mbili zisizofanana. Hakimu huanza kwa shaka, kwa kuwa mikononi mwake mna uhuru wa mtu anayeshitakiwa, na shaka ya hakimu ni ngao ya watu wote. Tabibu huanza kwa imani, kwa kuwa mikononi mwake mna afya ya mtu anayeugua. Mwenye kusema tumbo linamwuma hatakiwi kuleta mashahidi kabla ya kupimwa. Daktari huandika aliyoyaona na aliyoambiwa, kwa ukamilifu na bila chumvi, kisha humwachia hakimu kazi ya hakimu. Wala asidhani kwamba kukosekana kwa jeraha ni dalili ya uongo. Wengi waliobakwa hawaonyeshi jeraha lolote. Asidhani pia kwamba kuna kipimo cha mkono kinachoweza kusema kama msichana ni bikira. Mwaka 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwemo hilo la Afya, yaliitaka dunia iache upimaji wa ubikira, yakisema hauna msingi wowote wa kitabibu na kwamba humdhalilisha anayepimwa.

Lugha yetu nayo inatupa somo hapa. Tangu zamani watu wamesema kwamba fulani “amenajisiwa.” Najisi ni uchafu. Neno hilo, likitamkwa bila kufikiri, huupeleka uchafu kwa aliyedhulumiwa, na mdhulumu huondoka safi kama kwamba hakugusa kitu. Hivi ndivyo mgonjwa anavyojiona: huoga mara tatu, huoga mara nne, na bado hujiona mchafu. Siku hizi tunalo neno jingine, manusura, nalo ni jamaa ya kunusuru. Manusura ni aliyeokoka. Tabibu hutibu pia kwa neno alichagualo, na dawa moja haina bei: “Pole sana. Kosa si lako.”

Neno jingine la kupimwa ni stara. Stara ni tunu katika adabu zetu, na tabibu anaijua vizuri: humfunika mgonjwa kwa shuka, hufunga pazia, na siri aliyoambiwa haitoki chumbani ikafika kwenye meza ya chai. Hiyo ni stara ya mgonjwa. Lakini iko stara nyingine iliyoazima jina hilo bure. Mjomba akitenda uovu, wazee hukaa usiku, mbuzi hutolewa, na binti huambiwa anyamaze ili nyumba isitiriwe. Hapo aliyefunikwa ni mkosaji, na blanketi limevutwa kutoka kwa mwenye baridi. Mara nyingi huongezwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nusu ya pili ya methali hiyo ni hekima kubwa. Nusu ya kwanza haifai kutamkwa mbele ya mtu ambaye yaliyompata jana ndiyo ndwele yake ya leo. Njia ya kuganga yajayo ni kukiri kwanza yaliyopita.

Sasa tufikie mahali pagumu. Saa ya ukutani haina subira kama tabibu. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zapasa kuanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, kisha zimezwe kila siku kwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba hufaa zaidi ikimezwa mapema, na mwisho wake ni saa 120. Kuna tiba ya kuzuia kisonono na kaswende, na kuna chanjo za homa ya ini na pepopunda. Ushahidi nao hupotea: maji ya kuoga huuondoa, na nguo zikitiwa katika mfuko wa plastiki hushika unyevu na kuoza, ndiyo maana hutiwa katika mfuko wa karatasi. Daktari anayajua haya yote, na moyo wake unamhimiza aseme, “Fanya hivi, upesi.” Je, haraka ya tiba haivunji ile hiari tuliyoisifu?

Nadhani haiivunji, endapo haraka itakuwa ya tabibu na uamuzi utakuwa wa mgonjwa. Mtu hana hiari katika jambo asilolijua. Kumweleza mgonjwa wazi kwamba dawa hii ina mwisho wa saa zake ni kumpa nguvu ya kuchagua. Kumficha ili asihangaike ni kumchagulia. Tabibu aeleze kwa maneno mepesi, arudie, aulize kama ameeleweka. Akikataliwa jambo moja, asinyime jingine. Asiyetaka kukaguliwa mwili bado ana haki ya dawa. Asiyetaka kusimulia yote bado ana haki ya chanjo. Wala mlango wa polisi usifanywe kuwa ndio njia ya kupitia kuelekea mlango wa daktari. Huku kwetu Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imefungua njia ya matibabu bila malipo katika hospitali za umma, na iko fomu maalumu ya matibabu baada ya ubakaji, ijulikanayo kwa herufi PRC, ambayo hujazwa hospitalini katika nakala tatu. Fomu ya P3 ya polisi yaweza kufuata baadaye; dawa haiwezi kungoja.

Ugumu mwingine ni mkubwa zaidi. Tuseme yule mwanamke kijana amerudi, ametibiwa, kisha anasema, “Sitaki kushitaki.” Daktari ana dhamiri. Anajua kwamba mtu aliyetenda hivi leo aweza kutenda tena kesho kwa binti wa mtu mwingine. Je, amlazimishe kwa faida ya wengi? Hoja hiyo ina nguvu, nami siidharau. Lakini tuitazame kwa ndani. Mbakaji alimtumia mtu huyu kama chombo cha kutimizia matakwa yake. Tukimburura mahakamani kwa nguvu, tutakuwa tumemtumia tena kama chombo, safari hii kwa jambo jema. Tena habari ikienea kwamba anayekwenda hospitali hupelekwa polisi atake asitake, wagonjwa wa kesho watabaki nyumbani, na hapo hatutapata kesi wala tiba. Kwa mtu mzima, basi, wajibu wa tabibu ni kumweleza faida na taabu za kila njia, kuandika fomu kwa uangalifu na kuihifadhi, na kumwambia kwamba akibadili nia ataikuta. Hukumu ya haki yaweza kungoja moyo upate nguvu.

Kwa mtoto kanuni hubadilika. Mtoto hawezi kuachiwa mzigo wa kuchagua kama alindwe au asilindwe, hasa ikiwa mwovu anaishi naye nyumba moja. Hapo daktari hana budi kuwaita wenye wajibu wa kumlinda. Hata hivyo hiari ya mtoto haifi kabisa: aulizwe akae wapi, nani amshike mkono, aanze kusimulia wapi. Na juu ya yote asidanganywe. Daktari asimwahidi, “Sitamwambia mtu,” halafu akamwambia mtu. Aliyevunjiwa imani na mtu mzima mmoja asivunjiwe na wa pili.

Najua pia kilio cha matabibu wenyewe. Wagonjwa ni wengi, vyumba ni vichache, na zamu ni ndefu. Ni kweli, na serikali na wananchi wanapaswa kukisikia kilio hicho. Lakini mambo mengi tuliyoyataja hayahitaji fedha. Kufunga mlango hakuna gharama. Kumfundisha karani aulize kwa sauti ya chini hakuna gharama. Kumwambia mgonjwa “naomba ruhusa” huchukua muda mfupi kuliko kumkemea.

Wala tabibu asidhani kwamba kazi yote ni yake peke yake. Katika mji wa Bukavu, mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na nyumbani, yupo daktari wa wanawake, Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999. Nia yake ilikuwa kuwasaidia akina mama wajifungue salama, lakini mgonjwa wa kwanza kuletwa alikuwa mwanamke aliyebakwa katika vita na kujeruhiwa vibaya. Baada yake wakaja maelfu. Daktari huyo na wenzake waliona kwamba kidonda chaweza kushonwa kikapona, na mwenye kidonda akarudi kijijini asiwe na nyumba, asiwe na senti, na asiwe na wa kumtetea. Kwa hiyo huduma ya Panzi ikawa na nguzo nne: tiba ya mwili, tiba ya nafsi, msaada wa riziki, na msaada wa sheria. Mwaka 2018 Mukwege alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad, mwanamke wa Iraki ambaye mwenyewe ni manusura.

Tuzo hiyo ni kubwa, lakini kipo kisa kingine ninachokiona kikubwa kuliko tuzo. Mwezi wa Oktoba 2012 watu wenye silaha waliivamia nyumba ya daktari huyo, mlinzi wake akauawa, naye akakimbilia ng'ambo na jamaa yake. Akina mama wa Kivu walimwita arudi. Walikuwa maskini, lakini waliuza mananasi na vitunguu wakachanga fedha za nauli yake. Mwanzoni mwa mwaka 2013 alirudi. Tafakari, msomaji: wanawake ambao neno lao lilikuwa limefanywa si kitu walikuwa sasa wana neno lenye uwezo wa kumvusha mtu bahari. Hapo tiba ilikuwa imetimia. Mgonjwa aliyepona kweli huweza kutoa, huweza kudai, na huweza kuamua.

Nawe, msomaji kijana, huenda hutakuwa daktari. Lakini daktari ni mara chache awe wa kwanza kuambiwa. Wa kwanza huwa ndugu, rafiki wa bwenini, au jirani wa dawati. Siku moja mtu aweza kukaa karibu nawe na kuanza sentensi asiyoweza kuimaliza. Usimharakishe, usimhoji, usimpelekee mwingine siri yake kama habari ya mchezo. Mwambie kwamba umemsikia na kwamba kosa si lake. Mweleze kwamba saa ni kitu cha thamani, na umwulize kama angependa umsindikize hospitali. Katika Kenya simu ya 1195 hupokea habari za dhuluma kama hizi bila malipo, na ya 116 ni kwa ajili ya watoto. Na kama wewe ndiwe mwenye mzigo huo, jua kwamba haukuwa wako tangu mwanzo. Aliyekutwika ndiye mwenye aibu.

Turudi sasa penye lile dirisha la hospitali. Shangazi amempata kijana wake nje ya lango, nao wanarejea taratibu. Safari hii muuguzi mmoja ameliona leso lililoviringishwa mpaka kichwani. Anatoka nyuma ya meza, anakuja karibu, na kwa sauti ambayo benchi haliisikii anasema, “Karibu, dada. Kuna chumba huku. Ungependa tuingie?” Kisha anangoja. Katika kungoja kule ndimo tiba inamoanzia, maana kwa mara ya kwanza tangu jana usiku, mtu amemwuliza, na jibu litakuwa lake.